Kudai Fidia ya Motokaa Iliyoharibiwa kwa Kusudi: Ni Haki au Ni Kisasi?

Katika masuala yaletwayo kwenye darasa letu liko moja ambalo huonekana dogo, na kila litajwapo watu hucheka kwanza, kisha hugombana. Nalo ni hili: mtu ameiegesha motokaa yake, akaizima, akaifunga, akaenda zake. Arudipo aikuta imekwaruzwa kwa msumari toka mlango wa mbele hata wa nyuma, na kioo cha pembeni kimevunjwa, kinaning'inia. Aliyefanya ajulikana, na yajulikana kuwa haikuwa bahati mbaya, alikusudia. Je, ni vyema mwenye gari kwenda mahakamani kutaka alipwe? Au uungwana ni kusamehe na kumwachia Mungu?

Twasema tangu mwanzo, ili msomaji asibabaishwe na maneno mengi: kudai fidia ni haki, wala hakumpunguzii mtu uungwana wake hata chembe, na wengi wanaojidai kuwa wamesamehe hawakusamehe. Lakini haki hii ina mipaka, na aivukaye mipaka hiyo huwa amegeuka yeye kuwa mdhalimu. Hayo mawili ndiyo tutakayo kuyaeleza.

Watu wetu wana jibu jepesi kwa jambo hili. Mwenye gari hajamaliza kueleza yaliyompata, na tayari mzee mmoja amekwisha kumwambia, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Neno hili ni zuri, walakini hapa latumiwa pasipo mahali pake. Kuganga ni kutibu. Kioo kilichovunjwa jana hakijapita. Kingali kimevunjika leo, na kesho mwenye gari atakapoingia barabarani, atakayesimamishwa na askari ni yeye, hatakuwa yule aliyekivunja. Bati lililokwaruzwa halijapita; kwa hewa yetu hii ya pwani, yenye chumvi, mkwaruzo uliofika kwenye chuma huanza kutu baada ya muda si mrefu. Basi kutaka vitu hivi vitengenezwe na aliyeviharibu ndiko kuyaganga yajayo kwenyewe.

Twajua lililo nyuma ya jibu hilo. Ni aibu. Watu wakaa mtaa mmoja, watoto wao wacheza pamoja, wao wenyewe waswali safu moja, waalikana arusini na kuzikana. Kumpeleka jirani mbele ya hakimu kwahesabiwa kuwa ni kuuvunja mtaa. Nasi hatudharau jambo hili, kwani ujirani ni mali, na mtu asiyeujali ujirani hatufai. Lakini hebu tutazame hesabu yenyewe. Tuseme fundi wa bodi na fundi wa rangi wamekadiria matengenezo kuwa shilingi 38,000. Wazee wanapomwambia mwenye gari anyamaze kwa ajili ya amani ya mtaa, maana yake ni kuwa amani hiyo, ambayo faida yake ni ya wote, itagharimiwa na mtu mmoja, naye ndiye aliyeonewa. Aliyevunja hatoi kitu. Wazee hawatoi kitu. Je, hii ndiyo insafu? Na aliyeuvunja mtaa ni nani, ni yule atakaye kulipwa au ni yule aliyetoka usiku na msumari mkononi?

Upande wa pili wako wenye hasira. Hawa hawataki kulipwa. Wataka kumwona mtu akilia. Mmoja atasema, "Nami nitakivunja kibanda chake." Wa pili atasema, "Nataka alale ndani mwaka mzima." Wa tatu atakwenda kutafuta wa kumsomea halbadiri, ili mkosaji avimbe tumbo au apate wazimu. Watu hawa wameitwa jina moja na yule adaiye fidia, wakasemwa wote kuwa ni "watu wa kesi", na kwa kuchanganywa huku ndiko fidia ikapata jina baya.

Kwa hiyo yapasa tutenganishe mambo matatu. Liko la adhabu, nayo ni haki ya jamii: dola humtia mtu adabu kwa kuwa amevunja sheria iliyowekwa kwa ajili ya wote. Liko la kisasi, nacho ni kuirudisha chungu kwa chungu ili moyo upoe. Na liko la fidia, nayo haina habari na uchungu wa mtu yeyote. Yauliza tu, ni kitu gani kilichokuwapo na sasa hakipo, na ni nani wa kukirudisha? Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, alipoieleza haki ya namna hii alisema kuwa hakimu hatazami kama aliyeonewa ni mtu mwema au mbaya, mtukufu au mnyonge. Atazama upungufu uliotokea, kisha aurudishe usawa uliokuwapo. Mafakihi wetu nao walifika hapo hapo kwa njia yao, wakasema kuwa atakayeharibu mali ya mwenziwe yampasa dhamana, yaani kurudisha mfano wake, na kama hakina mfano basi thamani yake. Na dhamana hiyo humpasa hata mtoto mdogo katika mali yake ijapokuwa hana dhambi, kwa sababu suala hapa ni mali ya mtu iliyopotea, wala halikuwa suala la dhambi.

Wala msomaji asidhani kuwa jambo hili ni geni katika dini, lililoletwa na mahakama za Wazungu. Katika sura ya Anbiyaa imetajwa hukumu ya Daudi na Sulaiman juu ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu wakalila. Wafasiri wameeleza kuwa Daudi aliona mwenye shamba apewe wale kondoo, kwa kuwa thamani yao ilikuwa sawa na hasara yake. Sulaiman akaona lililo bora kuliko hilo: mwenye shamba apewe kondoo awatumie, anufaike na maziwa yao na sufi yao, na mwenye kondoo alishughulikie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Hapa twaomba msomaji atue kidogo, kwani mengi yamo katika hukumu hii. Hakuna aliyemwambia mwenye shamba, "Samehe, hao ni jirani zako." Wote wawili, baba na mwana, walikubaliana kuwa hasara ni lazima ilipwe. Waliloachana ni namna ya kulipa. Na namna iliyosifiwa ni ile iliyolirudisha shamba pasipo kumwacha mtu wa pili mikono mitupu. Nayo ilikuwa ni hasara iliyotoka kwa wanyama walioachiliwa, haikuwa ya kusudi. Je, ikiwa ni ya kusudi?

Imepokewa pia kuwa mmoja katika wake wa Mtume, rehema na amani zimshukie, alilipiga kwa wivu bakuli la chakula lililoletwa kutoka nyumba ya mke mwenziwe, likavunjika. Mtume hakumkemea mbele ya watu. Aliviokota vipande na chakula, akawaambia waliokuwapo kuwa mama yao ameingiwa na wivu. Lakini hakuishia hapo. Alichukua bakuli zima kutoka nyumba ya yule aliyevunja akalipeleka kwa mwenyewe, na lile lililovunjika likabaki kwa aliyelivunja. Huu ni upole ambao haukuiacha hasara juu ya asiyehusika. Wengi wetu tumeichukua nusu ya kwanza ya kisa hiki, ile ya kuvumilia, tukaisahau nusu ya pili.

Huenda mtu akatwambia: "Lakini Mwenyezi Mungu amemsifu asameheye, na akaahidi kuwa malipo yake yako Kwake." Ni kweli, nasi hatuna la kuongeza juu ya sifa hiyo. Lakini na tuangalie mpangilio: kwanza imethibitishwa kuwa ovu hulipwa kwa mfano wake, kisha ndipo akasifiwa asameheye na kusuluhisha. Msamaha umejengwa juu ya haki iliyokwisha kuthibiti. Mtu hawezi kusamehe deni asilokuwa nalo, wala hawezi kusamehe deni ambalo haruhusiwi kulidai. Aliyeambiwa na mtaa mzima kuwa akidai atatengwa, kisha akanyamaza, huyo hakusamehe. Amenyang'anywa mara mbili, kwanza kioo chake, kisha ulimi wake. Mtajua kuwa hakusamehe kwa kumtazama. Ataacha kumsalimu jirani yake. Atawaambia watoto wake wasiingie nyumba ile. Miaka kumi baadaye, siku ya shughuli nyingine kabisa, atalitoa jambo la gari mbele ya watu, na wote washangae lilikuwa wapi.

Msamaha wa kweli una sura nyingine. Mwenye gari huipata kwa fundi hesabu yake, hujua kuwa ni shilingi 38,000, hujua kuwa ushahidi anao na mlango wa mahakama u wazi, kisha humwita yule mtu na kumwambia: "Hii ndiyo hasara uliyonitia, na hii ndiyo haki yangu juu yako, nami nimekuachia yote," au "nimekuachia nusu." Hapo aliyesamehewa ajua amesamehewa nini, na msameheji ajua ametoa nini. Msamaha usiotajwa kiasi chake, ambao hata mkosaji hakuambiwa, mara nyingi ni woga uliovishwa kanzu.

Na liko jingine ambalo hao wanaoshauri kunyamaza hawalifikiri, nalo ni hali ya mkosaji mwenyewe. Wanavyuoni, na miongoni mwao Ghazali aliyekufa mwaka 1111, wameeleza kuwa toba ya mtu aliyedhulumu haitimii kwa kujuta tu na kulia usiku. Ni sharti awarudishie wenye haki haki zao, au awatake radhi wakamwachilia. Na katika hadithi mashuhuri ya mufilisi, Mtume amemtaja mtu ajaye siku ya kiyama na swala na saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule, akampiga huyu. Basi mema yake yagawiwe waliodhulumiwa hata yaishe, na makosa yao yatupwe juu yake. Tukiliamini hilo, basi yule amdaiye jirani yake shilingi 38,000 hapa duniani, kwa risiti ya fundi, amemtakia kheri. Na yule asemaye kwa uchungu, "Nimemwachia Mungu," atambue kuwa ametaka malipo makubwa zaidi. Asijione kuwa yeye ndiye mpole.

Sasa tuje kwenye mipaka, kwani hapa ndipo madai mengi ya haki huharibika.

Mpaka wa kwanza ni yakini. Mtu hadai fidia kwa dhana. Kuwa jirani alinung'unika wiki iliyopita juu ya mahali gari linapoegeshwa, hiyo si bayana. Kuwa kijana fulani ana sifa mbaya, hiyo si bayana. Tumesikia mara ngapi kijana amepigwa mtaani kwa kitu ambacho baadaye imejulikana hakukifanya? Kipigo hicho hakina fidia ya kukitosha. Siku hizi maduka mengi yana kamera za ulinzi, na picha zake zaweza kuombwa mapema kabla hazijafutwa. Wako mashahidi walioona. Ziko picha za uharibifu zilizopigwa siku ile ile. Hivi ndivyo vitu vya kutafuta. Ama halbadiri, twasema kwa ufupi: ni kumhukumu mtu kwa vitisho, haina shahidi wala mshitakiwa kujitetea, na aliyeugua homa wiki ile ndiye atakayesemwa kuwa ndiye mwizi au mharibifu. Kuyachukua majina ya watu wema wa Badri na kuyafanya silaha ya kuwatia watu hofu ni jambo ambalo wenyewe wasingeliridhia.

Mpaka wa pili ni kiasi, nao ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa nafsi huona imepewa ruhusa. Gari lina mikwaruzo minne. Mitatu ni ya tangu mwaka juzi, aliitia mwenyewe alipokuwa akitoka langoni. Fundi auliza, "Tuyapige rangi yote?" na mwenye gari ajibu, "Piga yote, kuna mtu wa kulipa." Hapo hapo, kwa neno hilo moja, aliyekuwa amedhulumiwa ameanza kudhulumu. Anadaiwa mlango mmoja, si motokaa nzima. Kadhalika kioo: ikiwa gari lina umri wa miaka 15 na kile kioo kilikuwa ni cha zamani, na maduka ya vipuri yauza vioo vilivyotumika vya namna ile ile katika hali njema, basi hicho ndicho mfano wake, wala si kipya kutoka kiwandani. Walakini ikiwa kilichotumika hakipatikani, sisi twaona bei ya kipya ni juu ya aliyevunja. Mwenye gari hakuomba kubadilishiwa kioo, wala si yeye wa kuzunguka mji mzima siku kumi ili kumpunguzia gharama mtu aliyemkusudia ubaya. Na ikiwa gari ni la kazi, kama teksi, basi siku zile lilipokuwa kwa fundi nazo ni hasara, na zaweza kuhesabiwa kwa pato halisi la siku kama hizo, si kwa pato la siku ya sikukuu.

Katika mlango huu huingia bima. Bima ambayo sheria ya Kenya humlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo ni ile ya kuwalinda watu wengine barabarani. Haimlipi mwenye gari kioo chake kilichovunjwa na jirani. Mwenye bima kubwa huenda akalipwa na kampuni yake, na hapo kampuni husimama mahali pake kumdai mharibifu. Lisilojuzu ni kulipwa na kampuni kisha kumdai jirani hasara ile ile na kuitia mfukoni. Wala mharibifu naye asiseme, "Ana bima, sikumtia hasara." Hasara ipo, imehamishwa tu. (Kama bima yenyewe yafaa au haifai ni mjadala mwingine, nao una wenyewe.)

Mpaka wa tatu ni kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mengine mfano wake. Hii ni kanuni mashuhuri ya mafakihi, na imo katika Majalla iliyokusanywa katika dola ya Uthmaniya baina ya 1869 na 1876. Ukienda ukakivunja kibanda cha aliyekuvunjia kioo, vitu vilivyoharibika vimekuwa viwili, na kioo chako kingali kimevunjika. Na wewe ambaye jana ulikuwa mdai, leo wadaiwa.

Basi mtu akiisha kuwa na yakini na hesabu ya haki, aende wapi? Liko kosa ambalo tumelikuta kwa wengi, la kudhani kuwa Kadhi ndiye wa kuhukumu kila jambo la Mwislamu kwa Mwislamu. Katiba ya Kenya ya 2010 katika kifungu cha 170 imeiwekea mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa huko. Kioo cha motokaa hakimo. Kadhi aweza kushauri kama mzee na mwanachuoni, hawezi kutoa hukumu ya kulipa.

Njia za sheria ni mbili, nazo zaweza kwenda pamoja. Ya kwanza ni ya jinai. Kuharibu mali ya mtu kwa kusudi na bila haki ni kosa chini ya kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Mwenye gari huandikisha habari kituo cha polisi, hupewa nambari ya kitabu cha matukio, na ikiwa patafunguliwa mashitaka, kesi huwa ni ya Jamhuri na yeye huwa shahidi. Wengi hawajui kuwa kanuni hiyo hiyo, katika kifungu cha 31, yampa hakimu uwezo wa kumwamuru aliyepatikana na hatia amlipe fidia aliyeonewa, pamoja na adhabu nyingine au badala yake. Na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 176, yairuhusu mahakama kuhimiza mapatano na malipo katika makosa ya watu binafsi yasiyofikia daraja ya makosa makubwa.

Ya pili ni ya madai. Kwa jambo la kiasi hiki iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Nairobi mwezi wa Aprili 2021, kisha ikaenea miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na miongoni mwa madai yake ni hasara iliyotiwa katika mali ya mtu. Mtu aweza kujisemea mwenyewe, haikufungwa sana na taratibu ngumu za ushahidi, na sheria yataka shauri limalizike katika siku 60. Katika madai hakimu hupima upande upi una uzito zaidi. Hahitaji yakini ile kubwa itakiwayo kabla ya kumtia mtu jela. Lakini mtu asilale. Dai la namna hii lina muda wa miaka 3 tangu siku ya tendo, na baada ya hapo mlango hufungwa.

Twaona njia hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na maana ya fidia, kwani haimtafutii mtu kifungo. Na kabla yake, barua. Barua ya adabu, iliyo na tarehe, picha na makadirio ya fundi, na muda wa kujibu, imemaliza mambo mengi ambayo watu walidhani hayana mwisho ila kwa kupigana. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, imeitaka mahakama ihimize suluhu na upatanisho. Mtu aendaye mahakamani baada ya barua mbili zisizojibiwa hawezi kuambiwa kuwa amekimbilia kesi.

Litakalomkuta njiani mdai ni swali ambalo hakulitazamia: na wewe ulikuwa umeegesha wapi? Mara nyingi mambo haya hayaanzi kwa msumari. Huanza kwa motokaa iliyoachwa mbele ya kibanda cha mtu auzaye mahamri, asubuhi tatu mfululizo, wateja wakashindwa kumfikia. Alipolalamika akajibiwa kwa dharau, kwa kuwa mwenye gari ana gari na mwenye kibanda hana. Hilo halihalalishi kuharibu. Mwenye kibanda alikuwa na njia zake, za kushitaki kwa wazee, kwa chifu, kwa serikali ya kaunti. Lakini kama alipoteza mauzo ya asubuhi tatu kwa sababu ya kiburi cha mtu, basi hiyo nayo ni hasara, na mwenye gari aketi aihesabu kwa uaminifu ule ule alioutumia kuhesabu kioo chake. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo imeyakubali madai ya upande wa pili na kukatana deni kwa deni. Mdai mwadilifu haogopi jambo hilo. Atalitaja yeye mwenyewe katika barua yake.

Limebaki la mkosaji aliye fukara. Hukumu imetoka, alipe 38,000, naye hana hata elfu mbili. Hapa Qur'ani imetoa njia iliyo wazi: mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate nafasi, na kumwachia kuwa sadaka ni bora zaidi. Basi na alipe shilingi 2,000 kila mwezi, au kama ana kazi ya mikono, afanye kazi ihesabiwe kwa ujira wa haki, mfano wa yule mwenye kondoo aliyelishughulikia shamba. Kuna watakaosema hili ni gumu, kwani ni nani atamfukuza mtu miezi kumi na tisa kwa elfu mbili mbili? Ni gumu kweli. Lakini elfu mbili ya kwanza itakapoletwa na kupokewa mkono kwa mkono, pamoja na salamu, watu wale wawili watakuwa wamefanya jambo ambalo wasiosemezana hawalifanyi.

Ama wazee wetu, ambao huja jioni kwa mwenye gari wakiwa watatu au wanne, wakakaa, wakanywa kahawa yake na kumtaka asamehe, tuna ombi moja kwao. Wakienda nyumba ile, wapitie kwanza nyumba ya aliyevunja, wamuulize atatoa kiasi gani. Na ikiwa wameona hana, na roho zao zamhurumia kama wasemavyo, basi waje kwa mwenye gari na mchango mkononi, kila mmoja kadiri awezavyo, ndipo waanze kusema habari ya yaliyobaki.